Eti kocha anapenda warefu tu? Tuongee kuhusu wafungaji wetu wa netiboli mashuleni

Kila ukifika msimu wa mchujo wa UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi, huku kwetu Mtwara simu yangu haipumziki, na malalamiko ni yale yale, ticha mbona mnachukua mapandikizi ya watu tu, mwanangu anafunga vizuri kuliko yule lakini kaachwa kisa mdogo. Wengine wanaenda mbali zaidi, wanasema kocha kapewa chochote au yule binti mrefu ni ndugu yake. Mimi nafundisha netiboli wasichana wa msingi na sekondari, nimesomea elimu ya michezo, na hili jambo linanikaa moyoni kwa sababu naona watoto wanaacha mpira kabisa wakiwa na miaka 12 au 13, tena watoto wenye mkono mzuri, wanaacha kwa sababu waliambiwa wao wadogo na hakuna aliyewaeleza udogo wenyewe maana yake nini.

Kwanza tukubaliane, urefu unasaidia. Ringi ipo juu mita 3.05, beki anayekukaba anatakiwa akae umbali wa mita 0.9 kutoka mguu wako uliotua nao, lakini mikono anaruhusiwa kuinyoosha, sasa mfungaji mfupi akikutana na GK, yaani beki anayelinda ringi, mwenye mikono mirefu anajikuta anarusha mpira juu ya ukuta, halafu ana sekunde 3 tu za kukaa na mpira. Mrefu akisimama kwenye duara la kufungia unampa pasi ya juu, anadaka, anageuka, anafunga. Jhaniele Fowler wa Jamaika ana kama sentimita 198 na mabeki wa dunia nzima wanateseka naye. Kwa hiyo kocha anayetazama urefu hajachanganyikiwa, anaona kitu cha kweli kabisa.

Ila anakiona kwa wakati mbaya, na hapo ndipo ninapotaka wazazi na walimu wenzangu mnielewe. Wasichana wengi wanarefuka kwa kasi kubwa wakiwa na miaka kama 12 hivi, wavulana kama 14, lakini hiyo ni wastani tu, kuna anayeanza na miaka 9 na kuna anayeanza na 13, na wote ni wazima hawana ugonjwa wowote. Ukiwa kwenye ile kasi unaweza kuongeza sentimita 8 ndani ya mwaka mmoja. Maana yake ukiwapanga mabinti wa miaka 12 mstari mmoja pale uwanjani, mmoja mwili wake unaweza kuwa mbele na mwingine nyuma kwa miaka minne, mitano, na cheti cha kuzaliwa kinasoma mwaka ule ule. Ongeza na mambo yetu ya huku, kuna watoto wanaandikishwa shule kwa kuchelewa, kwenye darasa la sita moja unakuta wa miaka 11 na wa miaka 14 wanagombea nafasi moja ya GS, yule mfungaji mkuu wa chini ya ringi. Mikorosho ya shamba moja yenyewe haitoi maua siku moja, sembuse watoto.

Halafu yule aliyewahi kurefuka huwa anawahi kusimama pia. Msichana akishavunja ungo mara nyingi anabakiza sentimita chache tu za kuongeza, kama 5 mpaka 7, basi. Yule mdogo aliyeachwa darasa la sita anaendelea kurefuka taratibu mpaka kidato cha pili au cha tatu, na wakifika miaka 17 wengi wao wanakuwa wamekaribiana kabisa, wakati mwingine mdogo anampita mkubwa. Sasa jiulize, kwa hiyo miaka mitano yote nani alikuwa anapigishwa mashuti kila jioni na nani alikuwa anaokota mipira nje ya mstari?

Hapo ndipo upendeleo unapozaliwa, na mara nyingi hauzaliwi kwenye roho mbaya ya mtu. Mwalimu wa wilaya anapewa siku chache aunde timu, watoto wamekuja kwa malori na bodaboda kutoka kata zote, kila mmoja anapata dakika kumi au kumi na tano za kuonekana, na kwenye dakika kumi kitu kinachoonekana haraka ni mwili. Mkono laini hauonekani, kusoma nafasi hakuonekani, utulivu wa kupiga shuti la mwisho timu ikiwa nyuma kwa goli moja ndio kabisa. Na huyo mwalimu atapimwa kwa kombe la mwezi wa sita huu huu, hakuna atakayekuja kumpongeza baada ya miaka mitano kwa kumvumilia mtoto mfupi. Nasema hivi sio kumtetea, timu ya watoto wa shule ya msingi ikichaguliwa kwa mwili peke yake mimi naona ni kosa na namwambia usoni, lakini ukienda kumtuhumu rushwa wakati tatizo ni namna mchujo ulivyopangwa, mtagombana bure na mwakani mchujo utakuwa vile vile.

Wacanada waliligundua jambo linalofanana na hili mwaka 1985 kwenye mpira wao wa magongo wa barafuni, mtaalamu wa saikolojia Roger Barnsley na wenzake wakaonyesha kwamba wachezaji wa ngazi za juu wengi mno walizaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka. Kule mwaka wa usajili unaanza Januari, mtoto wa Januari anamzidi wa Desemba karibu mwaka mzima, akionekana mkubwa anachaguliwa, akichaguliwa anapata mazoezi bora, mwishoni kweli anakuwa bora na kocha anajisifu nilijua tu. Hizo ni tofauti za miezi 11 tu jamani! Sisi tunaongelea miaka.

Na msidhani anayeumia ni mdogo peke yake, mimi huyu mkubwa ndiye ananiuma zaidi kwa sababu hakuna anayemlilia. Akiwa na miaka 11 anawekwa chini ya ringi, anaambiwa simama hapo usitoke, dada zako watakuletea mpira. Hafundishwi kukimbia kupokea, hafundishwi kupiga pasi akiwa kwenye mwendo, hachezi GA, yule mfungaji wa pili anayekimbia zaidi, hata siku moja, na akifika sekondari wenzake wamemfikia urefu hana kitu kingine mkononi. Huku kwetu tena kuna suala la unyago, binti akishachezwa mtaani anaanza kuhesabiwa mtu mzima, na kocha naye anaona mwili ule anamgombeza kama mtu mzima, anamtwisha timu nzima mabegani, wakati ni mtoto wa miaka 12 ambaye akitaniwa urefu wake na wavulana anainamisha mabega na hata shuti lake linaharibika. Pia wakati wa kurefuka kwa kasi miguu na mikono inatangulia, kiwiliwili kinafuata baadaye, kwa hiyo mtoto aliyekuwa anafunga vizuri ghafla anaanza kukosa. Hajavivia, mikono yake imebadilika na anajifunza upya. Ukimtoa kwenye timu miezi hiyo umemtoa wakati anakuhitaji kuliko wakati wowote.

Kuna mtu ataniuliza je, huko kwingine inakuwaje. Chukua softiboli, mchezo unaofanana na besiboli ambao mrushaji anazungusha mkono mzima kutokea chini na kila mtu anaamini mkono mrefu ndio kila kitu. Kweli Monica Abbott wa Marekani ana zaidi ya sentimita 190 na mpira wake ulikuwa wa kutisha, lakini Lisa Fernandez, Mmarekani mwenzake mwenye kama sentimita 168, alichukua dhahabu ya Olimpiki mara tatu, 1996, 2000 na 2004, akiwa mrushaji. Na hapa jirani, Mwai Kumwenda wa Malawi aliyekwenda kucheza Melbourne Vixens kule Australia, magoli yake mengi yanatokana na kumtoroka beki, kuruka na kukata njia, sio kusimama tu kusubiri mpira umfuate.

Sasa mimi nafanyaje. Mpaka darasa la saba nazungusha nafasi, kila mtoto anacheza angalau nafasi tatu na kila mtoto anapiga mashuti, hata GK. Mashuti yanaandikwa kwenye daftari, umepiga mangapi, umefunga mangapi, kutoka wapi, karibu na ringi au pembeni ya duara. Mama mmoja wa Chikongola alinijia amekasirika, ticha sema ukweli wako mwanangu ana kasoro gani, nikafungua daftari tukasoma wote, akaona binti yake chini ya ringi yuko vizuri sana ila akikabwa na mrefu anarudisha mpira nyuma badala ya kupiga. Tukawa na kitu cha kufanyia kazi. Wakubwa nawapeleka GA wakimbie, wadogo nawafundisha kurudi hatua moja nyuma kabla ya kupiga na kurusha kwa upinde mrefu ili mpira upite juu ya mikono ya beki. Wakati mwingine nawagawa kwa mwili badala ya darasa, wanaolingana wanacheza wenyewe kwa wenyewe, akademi za mpira wa miguu Uingereza nazo zinafanya hivyo. Ukiona binti anayejificha nyuma ya wakubwa kila siku anaanza kupiga kelele niletee mpira, utajua kwanini nasisitiza.

Mzazi ukienda kwa kocha usianze na mbona. Muulize mwanangu amepiga mashuti mangapi mwezi huu, amecheza nafasi gani, mwakani umempangia nini. Kocha anayefanya kazi atakujibu, na asiye na jibu hapo una haki ya kumbana.

Jambo la mwisho, walimu wenzangu wa Tandahimba, Newala, Nanyumbu na kote, pimeni ringi zenu. Shule nyingi nguzo tumechomelea wenyewe kwa bomba na nondo, nyingine zimetitia kwenye mchanga, na ringi ikishuka sentimita 20 yule mrefu anaweka mpira ndani kama anaweka sufuria mezani, hapo hujapima ufungaji wa mtu yeyote. Australia watoto wadogo wanashushiwa ringi mpaka mita 2.4 kwa makusudi, sawa, ni kwa ajili ya kujifunza na kila mtu anajua. Ila mchujo wa wilaya ni mita 3.05 kutoka ardhini, utepe wa fundi seremala unatosha, na pimeni ringi zote mbili kwa sababu mara nyingi hazilingani.