Kunduchi si kitongoji cha jana

Panda daladala la Tegeta, shuka Mtongani, kisha ushike barabara ya pwani. Karibu na bahari, katikati ya mibuyu, kuna magofu ya msikiti na makaburi ya Kunduchi, hapa Dar es Salaam. Kila nikipeleka wageni pale, nakutana na maneno yale yale.

“Haya majengo ya Wareno.” Hili huniuma, maana linawanyang'anya wenyeji kazi ya mikono yao. Jengo ni msikiti, na Wareno walikuwa Wakristo. Isitoshe, walifika pwani yetu mara ya kwanza mwaka 1498, wakati huo Waswahili wa Kilwa wakiwa wameshajenga kwa mawe kwa karne kadhaa. Mafundi wa Kunduchi walitumia ujuzi huo huo: matumbawe mengine yalichongwa yakawa matofali, mengine yakachomwa juu ya magogo hadi yakawa chokaa.

“Basi walizikwa Wachina.” Dhana hii inatokana na mabakuli ya kauri ya China yaliyopachikwa kwenye nguzo za makaburi, mengi yakiwa ya karne ya 18. Lakini bakuli lilisafiri bila Mchina. Lilipita mikononi mwa wafanyabiashara, bandari hadi bandari, India na Arabuni, mwisho likashushwa na jahazi huku kwetu. Familia yenye uwezo ililiweka kaburini kumpa heshima marehemu wao. Sogea karibu na nguzo uangalie: mabakuli mengi yameng'olewa, limebaki tundu la duara kwenye chokaa, na ukipitisha kidole unausikia ukingo wake. Tafadhali, usibanduebandue chochote kilichobaki.

Wengine hudhani huku kote kulikuwa pori mpaka Sultani Majid wa Zanzibar alipoanza kujenga Dar es Salaam miaka ya 1860. Hata yeye alijenga kando ya kijiji cha wavuvi, Mzizima. Makaburi ya Kunduchi yalikuwepo tayari.

Halafu kuna ufukwe. Watu wakiona ardhi inamegeka husema bahari imekasirika. Mawimbi yanabeba mchanga, ni kweli, lakini ufukwe huu ulizoea kurudishiwa mchanga na mito, ukiwemo Tegeta. Mchanga huo tunauchota mtoni kwa malori ukajenge nyumba zetu, na baruti za wavuvi haramu zimevunja matumbawe yanayopunguza nguvu ya mawimbi. Ukipita mtoni asubuhi, utayakuta makoleo kazini.