Je, wajua kwa nini kuinua tangi hakusaidii bomba kuukuu?

Nyumbani kwetu Mkomani, Lamu, mfereji wa bafuni ulikuwa ukifunguliwa maji yanaruka kwa nguvu kidogo, kisha yanageuka uzi. Kwa miaka niliamini kwamba tangi liko chini mno, na karibu kila jirani niliyemuuliza aliniambia hivyo hivyo. Basi tukalijengea jukwaa darini, likapanda kutoka mita 4 juu ya mfereji hadi mita 5. Ndoo iliyokuwa ikijaa kwa dakika kumi ikawa inajaa kwa dakika tisa.

Fundi mzee aliyekuja baadaye hakupanda hata darini. Aliziba mdomo wa mfereji kwa kidole gumba, akaufungua, akangoja. "Mwanangu," akasema, "tangi halina kosa. Njia ndiyo imeziba."

Kilichonipoteza ni kwamba msukumo wa maji na wingi wa maji ni vitu viwili. Msukumo unaletwa na kimo cha tangi: kila mita 10 za kimo ni kama bar 1, kipimo cha msukumo. Mfereji ukiwa umefungwa, maji yametulia, na maji yaliyotulia yanafikisha msukumo wote hata kupitia tundu la sindano. Ndiyo maana ukiziba kwa kidole unahisi nguvu, unaapa kwamba bomba ni zima. Maji yakianza kwenda ndipo yanapolipa nauli ya njia, na katika njia nyembamba nauli hiyo inakula karibu msukumo wote kabla hayajafika kwenye ndoo.

Fikiria watu wanavyotoka msikitini baada ya sala ya Ijumaa, wakiingia kwenye uchochoro. Walio ukutani wanasugua bega, wanakwenda polepole. Walio katikati wanapita bila kuguswa. Sasa ubane uchochoro ule ubaki nusu. Si kwamba nusu ya watu ndiyo itapita. Katikati yenyewe imekwisha, kila mtu sasa ni mtu wa ukutani. Anayesukuma kutoka nyuma anaongeza kelele kuliko mwendo. Maji ni hivyo hivyo: yaliyogusa ukuta wa bomba yanashikwa, nayo yanayashika yaliyo jirani.

Hesabu yake bado inanishangaza. Katika mabomba ya nyumbani, ambamo maji huenda kwa msukosuko, tundu likipungua nusu maji yanayopita hubaki kama sehemu moja ya sita. Kimo hakina nguvu hiyo. Kutoka mita 4 hadi 5 kunaongeza maji kwa kama asilimia 12 tu, ndiyo ile dakika moja tuliyoipata. Ili kufidia tundu lililobaki nusu kwa kuinua tangi peke yake, kimo kinatakiwa kizidi mara 32. Mita zetu 4 zingekuwa 128. Hakuna mnara wa msikiti Lamu unaokaribia hapo.

Kosa langu la pili lilikuwa kudhani chumvi ya hewa ya bahari ndiyo inayokula mabomba, kwa nje. Kwa nje inakula kweli. Lakini fundi alipokata kipande cha urefu wa shubiri, nje kilikuwa na madoa tu. Ndani kulikuwa na vinundu kama chunjua, juu vya rangi ya chungwa, chini vyeusi, na tundu lililobaki penseli ilipita kwa kulazimishwa. Bomba la chuma, lile mafundi wanaloliita GI, limepakwa zinki ili zinki iliwe kwanza, chuma kipone. Maji yenye chumvichumvi huimaliza zinki mapema. Maji yetu ya visima vya machanga ya Shela, kijiji jirani, ni ya mvua yaliyoelea juu ya maji ya bahari chini ya ardhi. Yakivutwa kupita kiasi, chumvi inapanda. Mgao nao unaongeza: maji yakikatika bomba linajaa hewa huku kuta zake zimelowa, na unyevu pamoja na hewa ndicho chakula cha kutu. Kutu nayo inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo bomba linavimba kuelekea ndani.

Plastiki haina chuma cha kushika kutu. Katika nyumba zetu za mawe ya matumbawe ina faida nyingine: bomba linalojikunja linatoka tangini hadi mferejini kwa kipande kimoja, bila kiwiko kila kona, bila kuvunja plasta ya chokaa nyuma ya zidaka. Liitwalo PEX, lililobuniwa na Mjerumani Thomas Engel mwaka 1968, ni plastiki ya polithini ambayo nyuzi zake zimefungwa mafundo. Polithini ya kawaida ni nyuzi zilizolala pamoja, ukizipasha moto zinateleza. PEX ni kama jarife, ukilivuta linarudi.

Lakini kuna mtego dukani. Bomba la chuma la nusu inchi, likiwa jipya, lina tundu la kama milimita 16. PPR, plastiki ngumu inayounganishwa kwa moto, huuzwa kwa kipimo cha nje: ile nene ya milimita 20 ina tundu la milimita 13.2 tu. Ukitaka tundu ulilokuwa nalo, nunua ya 25, yenye milimita 16.6. Wengi wanabadilisha, wanapata nafuu kwa sababu kutu imeondoka, hawajui kwamba wamepunjwa.

Na plastiki si ya milele. PEX ikiachwa juani inakufa, kwa hiyo darini ifunikwe. Panya huitafuna. Chokaa ya maji magumu inaweza kuganda ndani yake pia, hasa kwenye maji moto. Ile miaka 50 inayotajwa dukani ni makadirio ya vipimo vya maabara kwa joto na msukumo maalumu, si ahadi kwa bomba lililo juu ya paa. PPR ya mita 10 ikipata joto la nyuzi 30 zaidi hurefuka kama sentimita 4 na nusu. Ikibanwa pande zote inapinda. Jambo moja msilisahau: katika nyumba nyingi za zamani waya wa ardhi wa umeme umefungwa kwenye bomba la chuma. Mwiteni fundi umeme kabla hamjalikata.

Sisi tuliweka PPR ya 25. Jukwaa tuliliacha palepale, na ndoo sasa haifiki dakika mbili.