Mfuko wa kulipia dukani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia Juni 1, 2019. Kenya ilikuwa imeanza Agosti 28, 2017, na Zanzibar ilizitangulia zote mbili kwa miaka kadhaa. Tangu hapo rambo ya bure imeondoka kaunta, na aliyekuja mikono mitupu anauziwa mfuko mbadala. Bei ya mfuko huo ina maneno mengi. Mengine ni kweli nusu, mengine hayana mguu wa kusimamia.

"Hiyo ni kodi, hela inakwenda serikalini"

Kwa Tanzania, sivyo. Kanuni za 2019 hazikumwekea mnunuzi ada yoyote; zilikataza mfuko wenyewe, na anayekutwa akiutumia anakabiliwa na faini ya shilingi 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku 7, au vyote viwili. Unacholipa kaunta ni bei ya bidhaa, sawa na unavyolipia kiberiti, na faida yake ni ya mwenye duka.

Dhana hii imetokana na nchi nyingine, na hata huko mambo hayafanani. Ireland, iliyoanza Machi 4, 2002 kwa senti 15 za euro kwa mfuko, ilifanya tozo hasa: fedha zinaingia kwenye mfuko maalumu wa mazingira. Uingereza, upande wa England, ilianza Oktoba 2015 kwa peni 5, lakini fedha zinabaki kwa duka baada ya kutoa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), na duka linatarajiwa kuzipeleka kwenye shughuli za hisani. Afrika Kusini tozo inakatwa kwa mtengenezaji, kabla mfuko haujafika dukani. Kwa hiyo "ada ya mfuko" ni jina moja lenye mambo matatu ndani yake, na anayelaumu au kusifu aseme kwanza anazungumzia lipi.

"Zamani mfuko ulikuwa bure"

Haukuwa bure hata siku moja. Mwenye duka aliununua kwa bunda na gharama akaipenyeza kwenye bei ya sukari na mchele. Aliyekuja na kikapu chake alimlipia jirani yake aliyebeba rambo tatu.

"Visenti hivyo haviwezi kubadilisha tabia ya mtu"

Hapa ndipo penye utamu wa mambo, maana ushahidi upo pande zote mbili.

Ireland, kabla ya tozo, ilikadiriwa kutumia mifuko 328 kwa mtu kwa mwaka. Baada ya tozo ikashuka hadi 21. Miaka ilipopita watu wakazoea, matumizi yakaanza kupanda tena, na Julai 2007 tozo ikaongezwa hadi senti 22. England nako, maduka makubwa yaliyokuwa yakigawa wastani wa mifuko 140 kwa mtu mwaka 2014 yalishuka hadi minne hivi ndani ya miaka michache. Peni 5 si fedha ya kumfilisi mtu wa huko. Kinachofanya kazi ni lile swali: mnunuzi analazimika kusimama na kujibu "ndiyo, nautaka". Mfuko wa bure hauulizwi, unajazwa tu.

Kuna jambo jingine ambalo wenye maduka wengi hulikosea. Hudhani kumpunguzia bei mteja anayekuja na mfuko wake kunaleta matokeo yaleyale, tena bila kumuudhi mtu. Utafiti uliofanywa kwenye maduka ya eneo la Washington, D.C. ulilinganisha mawili hayo: punguzo la senti 5 kwa anayeleta mfuko, na ada ya senti 5 kwa asiyeleta. Punguzo halikubadilisha karibu chochote. Ada ilipunguza matumizi ya mifuko kwa kiwango kikubwa. Kiasi ni kilekile, lakini mtu huumia zaidi kutoa kilicho mkononi kuliko anavyofurahia kupewa asichokitarajia.

Sasa tazama Afrika Kusini. Mwaka 2003 mifuko myembamba ilikatazwa na ile minene ikaanza kuuzwa, mwanzoni kwa senti 46 za randi. Mahitaji yakaanguka. Kisha maduka yakashusha bei, na wanunuzi wakarudi kwenye mifuko. Tozo ya serikali ilianza kwa senti 3 tu, ikawa inaongezwa kidogo kidogo hadi kufika senti 32 mwaka 2024. Bei isiyoonekana, au inayomezwa na mfumuko wa bei, haimkumbushi mtu kuchukua kikapu nyumbani.

Kwa hiyo, mwenye duka anayetaka ada ifanye kazi ana mambo mawili tu ya kusimamia: keshia aulize kabla ya kuvuta mfuko, na risiti iuonyeshe kwenye mstari wake wenyewe. Duka linalojaza bidhaa kwanza kisha likataja bei ya mfuko linauza mifuko, halipunguzi kitu.

"Mfuko mbadala ni kitambaa, si plastiki"

Huu ndio upotofu mkubwa kuliko yote kwa hapa kwetu. Mfuko mbadala wa kawaida, ule laini wenye vinukta vidogo vya kubanwa kwa joto, umetengenezwa kwa polipropilini, na polipropilini ni plastiki. Kata kipande kidogo, ukishike kwa koleo nje ya nyumba, ukisogeze kwenye moto: kitayeyuka na kujikunja kuwa kidonge kigumu. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu.

Tofauti yake na rambo ni moja, kwamba umeundwa urudi sokoni mara nyingi. Usiporudi, umetupa plastiki nyingi zaidi kuliko uliyoikataa. Utafiti wa Wakala wa Mazingira wa England uliotolewa 2011 ulipiga hesabu ya athari kwa hali ya hewa, ukilinganisha na rambo nyepesi iliyotumika mara moja: mfuko wa karatasi utumike mara 3, mfuko mnene wa plastiki mara 4, wa polipropilini mara 11, wa pamba mara 131. Mwenye mifuko 20 ya polipropilini nyuma ya mlango wa jikoni, kila mmoja umetoka mara moja, hajafika popote. Anayesifu pamba bila kutaja ile 131 naye anatupiga chenga.

England waliliona hili kwa macho. Sheria yao ilihesabu kuwa "wa mara moja" mfuko wenye unene usiozidi mikroni 70 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Maduka yakauza ile minene zaidi, watu wakainunua kila safari kana kwamba ni ya kutupa, na kufikia 2019 ilikadiriwa kuwa Uingereza nzima iliuzwa zaidi ya 50 kwa kila kaya kwa mwaka.

Kudumu kwa mfuko kunategemea uzito wake. Kiwango cha Tanzania ni gramu 70 kwa kila mita ya mraba. Kupima si kazi: chukua mfuko bapa wa sentimita 40 kwa 45. Pande zake mbili ni mita za mraba 0.36, hivyo mwili wake peke yake unatakiwa uwe na gramu 25 hivi, bila mishikio. Weka mifuko kumi ya kipimo hicho kwenye mzani wa duka. Ikisoma gramu 150, umeuziwa mifuko ya takriban gramu 40 kwa mita ya mraba, chini ya kiwango, itakayochanika mapema. Angalia pia mshikio. Uliobandikwa kwa joto tu huachia mapema kwenye kona. Ulioshonwa kwa mshono wa msalaba hustahimili.

Na jua ndilo adui wake mkuu. Mfuko wa polipropilini ulioning'inizwa dirishani hukauka, hupauka, kisha huanza kutoa unga wa plastiki mkononi. Ufue kwa maji ya kawaida na sabuni, uanike kivulini, na usiupige pasi.

"Kifuko kile cheupe cha genge kinaruhusiwa"

Vifungashio vya plastiki viliruhusiwa kwa kazi zake: kufungashia bidhaa kiwandani, dawa, pembejeo na mfano wa hizo. Kifuko kisicho na mishikio kinapotumika kubebea nyanya za genge kimekuwa kibebeo, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, ilishatangaza kuwa matumizi hayo hayaruhusiwi. Kuondoa mishikio hakubadilishi kinachokwenda kuziba mtaro.

"Ada inamkandamiza mnyonge"

Hili lina ukweli, na wanaolipuuza huwa ni wale wanaonunua kwa troli. Tuseme mfuko ni shilingi 300. Kwa aliyenunua vitu vya 60,000 ni nusu asilimia. Kwa aliyenunua fungu la nyanya na kitunguu kwa 1,500 ni asilimia 20. Wala mnunuzi wa pili hajapanga safari ya soko. Amepita akitoka kazini, kikapu kiko nyumbani.

Dawa yake si kurudisha mfuko wa bure. Khanga iliyokunjwa kwenye mkoba hubeba fungu la nyanya bila shida, na bahasha ya kaki inatosha kwa vikavu, mradi isiloe.

Samaki na nyama mbichi ni habari tofauti. Sheria ya England inaziondoa kabisa kwenye ada, kwa sababu maji yake yakimwagikia mboga za kuliwa mbichi yanaleta maradhi. Kwa anayekwenda soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, chombo ni ndoo ndogo au bakuli lenye mfuniko, na mfuko mmoja uliotengwa kwa samaki tu, wenye alama ili usije ukabebea matunda. Ukifika nyumbani uoshe siku hiyohiyo. Ukiuacha umekunjwa hadi kesho, harufu haitoki tena.