Je, wajua ni nani anayeshusha ubora wa video unapoitazama?

Picha ya video inapoingia ukungu ghafla kisha ikarudi kuwa safi, wengi huilaumu kampuni ya simu, au hudhani kwamba seva inakotoka video imeamua kuwapunguzia ubora. Katika mifumo ya kupeleka video mtandaoni inayotumika sana leo, yaani HLS iliyotolewa na Apple mwaka 2009 na MPEG-DASH iliyofanywa kiwango cha kimataifa mwaka 2012, uamuzi huo kwa kawaida hufanywa na programu ya kuchezea video iliyomo ndani ya simu yenyewe.

Seva huhifadhi video moja katika matoleo kadhaa, makubwa yenye picha safi na madogo yenye ukungu, yote yamekatwa vipande vya sekunde chache mahali palepale, pamoja na orodha inayoonyesha kila toleo liliko. Programu husoma orodha, huomba kipande kimoja baada ya kingine, na kabla ya kila ombi huchagua toleo upya. Ndiyo maana seva moja huweza kuhudumia simu ya bei nafuu na televisheni kubwa kwa wakati mmoja.

Ni kweli kwamba kampuni ya simu inaweza kubana kasi, na mwenye video anaweza kupunguza machaguo. Mwezi Machi 2020, Umoja wa Ulaya ulipoomba mitandao ipunguziwe mzigo, Netflix iliyaondoa matoleo mazito zaidi kwenye orodha zake barani humo. Hata hivyo, katika yaliyobaki, aliyechagua alikuwa kifaa cha mtazamaji.

Kifaa huchaguaje? Hujiwekea akiba ya sekunde zijazo, mfano wa tangi la maji juu ya paa: maji hutoka kwa mwendo uleule, sekunde moja ya video kwa kila sekunde ya saa, ilhali yanayoingia hutegemea nguvu ya mtandao. Tuseme tangi lina sekunde 12 na kasi imeshuka hadi megabiti 1 kwa sekunde. Kipande cha sekunde 6 katika toleo la megabiti 3 kwa sekunde kina megabiti 18, hivyo kitafika baada ya sekunde 18, tangi likiwa limekauka kwa sekunde 6 na picha imeganda. Katika toleo la megabiti 0.6, kipande hichohicho kitafika kabla ya sekunde 4 kwisha. Programu huona heri ukungu kuliko kuganda.

La ajabu ni kwamba ukungu unaouona sasa uliagizwa sekunde kadhaa zilizopita, na huenda mtandao umekwisha kupata nguvu. Mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford na Netflix walionyesha kwamba kuchagua kwa kutazama kina cha tangi, badala ya kukisia kasi, kulipunguza kukwama kwa asilimia 10 hadi 20 ikilinganishwa na njia iliyokuwa ikitumiwa na Netflix. Lakini mwanzoni tangi huwa tupu, na kina chake hakielezi lolote. Hapo bado walilazimika kukadiria kasi, na programu nyingi huanza kwa tahadhari, ndiyo maana sekunde za kwanza mara nyingi huwa na ukungu hata mtandao ukiwa na nguvu.