Nakala ya kujifunzia katika uchoraji wa rangi za mafuta

Nakala ya kujifunzia ni picha ambayo mwanafunzi huichora upya kutoka kazi ya mchoraji mwingine ili aelewe ilivyojengwa. Haina uhusiano na ughushi, maana nyuma ya turubai huandikwa wazi kuwa ni nakala. Louvre, jumba la makumbusho la Paris lililofunguliwa mwaka 1793, huruhusu wachoraji kunakili humo, ila nakala isilingane kipimo na picha asilia.

Anayejifunza kuchora sura za watu hufaidika zaidi na picha ya mtindo wa akademia, yaani wa shule rasmi za sanaa: mtu mmoja, ametulia, mwanga ukimwangukia kutoka upande mmoja. Mtu aliye hai huchoka na kusogea, na ngozi yake ina tofauti za rangi zisizohesabika. Mchoraji wa picha ile ameshazichuja. Amekwisha kuamua kipi ni kivuli, kipi ni mwanga. Uamuzi huo ndio unaonakiliwa. Kwa hiyo kichwa na mabega kwenye turubai la sentimita 40 kwa 50 vinatosha.

Paka kwanza kahawia ya udongo iliyozimuliwa kwa tapentaini, kisha ifute kwa kitambaa ibaki rangi hafifu. Turubai jeupe hudanganya jicho: kila rangi juu yake huonekana nyeusi kuliko ilivyo. Likikauka, chora kwa mkaa kwa mistari iliyonyooka, ukianza na ncha za mbali: utosi, kidevu, mabega. Pindua picha zote mbili, yako na ile unayoinakili, juu chini. Jicho lililopanda au taya iliyopinda itajitokeza mara moja. Kung'uta mkaa uliozidi, la sivyo utachafua rangi.

Hatua inayofuata ndiyo nzito kuliko zote, na ndiyo wengi huiruka. Jenga picha nzima kwa kahawia na nyeupe tu, kwa ngazi tano: mbili za kivuli, tatu za mwanga. Finya macho ukilinganisha. Sehemu angavu zaidi ndani ya kivuli isizidi wala kufikia sehemu hafifu zaidi ya mwanga. Ikifikia, uso unakuwa bapa, na hakuna rangi ya ngozi itakayouokoa.

Tabaka hilo likikauka, rangi nne zinatosha: nyeupe, manjano ya udongo, nyekundu na nyeusi. Nyeusi ikichanganywa na nyeupe huonekana kama buluu kando ya rangi za joto kama nyekundu na manjano, na ndiyo hutumika pale mwanga unapogeukia kivuli. Nyeupe nyingi mno huifanya ngozi ifanane na chokaa. Rudisha joto kwa manjano au nyekundu kidogo. Vivuli vipakwe vyembamba, mwanga mzito.

Tabaka la chini lizimuliwe kwa tapentaini, la juu liongezwe mafuta ya kitani kidogo. Rangi ya mafuta hukauka kwa kuvuta oksijeni, na tabaka lenye mafuta mengi huchelewa. Likiwa chini, huendelea kusogea wakati la juu limeshakuwa gumu, na picha hupasuka. Mabaka yaliyofifia baada ya kukauka si kosa la rangi uliyochanganya: mafuta yamefyonzwa na tabaka la chini. Paka mafuta ya kitani kiasi kidogo sana, ufute yaliyozidi, kisha ndipo ulinganishe tena na picha asilia.