Mapitio ya nusu msimu: utabiri wa Oktoba ukisomwa tena Januari

Kila Oktoba, kabla mpira wa kwanza haujarushwa, ligi ya kikapu ya Marekani, NBA, hujaa watabiri. Waandishi wana orodha zao, wachambuzi wa televisheni wana zao, kampuni za kubeti zina namba zao. Hata mameneja wakuu wa timu huulizwa na ligi yenyewe nani atabeba ubingwa, kwa sharti kwamba hakuna kuipigia kura timu yako. Ikifika katikati ya Januari, timu nyingi zikiwa zimeshacheza mechi 41 kati ya 82, makaratasi yale hufunuliwa tena. Tulisema nini? Sasa tunaona nini? Zoezi hilo ndilo mapitio ya nusu msimu.

Wengi hulifanya kama mwalimu anayesahihisha mtihani: huyu kapata, yule kakosa, mkeka wa fulani umechanika, tuendelee. Inachekesha, na mitandaoni inauza. Lakini Januari hakuna kilichokwisha cha kukitolea alama. Swali la maana ni jingine: mechi hizi 41 zina uzito kiasi gani zikiwekwa kwenye mizani pamoja na yale tuliyoyajua Oktoba? Ukijibu kwamba mechi hazina uzito, wewe ni mbishi. Ukijibu kwamba Oktoba haina uzito tena, umesahau kwamba kikosi kilekile ulichokisifu bado kipo uwanjani.

Kwanza tuelewane utabiri wenyewe ni nini. Ule wa mezani, “Lakers watafika fainali”, hauna kipimo cha katikati, utajulikana Juni. Unaofaa kwa mapitio ni ule wa namba. Kampuni za kubeti huweka mstari, tuseme ushindi 46 na nusu, nawe unachagua zaidi au chini. Ile nusu ipo ili pasiwe na sare. Mstari huo hubeba mengi ndani yake: kikosi, umri wa wachezaji, matokeo ya mwaka uliopita, majeraha yanayojulikana, na fedha za watu wanaobeti.

Sasa tuuchukue msimu mmoja, 2021–22, maana sijaona mwingine unaolifundisha jambo hili vizuri kama huo.

Los Angeles Lakers walikuwa wamemleta Russell Westbrook akae na LeBron James na Anthony Davis, na mstari wao ulipita ushindi 50. Boston Celtics walikuwa na kocha mpya, Ime Udoka, mwenye asili ya Nigeria, katika mwaka wake wa kwanza wa ukocha mkuu. Wao waliwekwa katikati ya arobaini. Brooklyn Nets, wenye Kevin Durant, James Harden na Kyrie Irving, walichaguliwa kuwa mabingwa na asilimia 72 ya mameneja.

Fungua jedwali baada ya mechi 41. Lakers: ushindi 21, vipigo 20. Celtics: ushindi 20, vipigo 21. Ukiangalia harakaharaka unasema hizi ni timu mbili za kiwango kimoja, zote za kawaida, zote zimewaangusha waliozitabiria mema. Watu walisema hivyohivyo. Msimu ulipoisha Lakers walikuwa na 33 kwa 49, hata zile mechi za kuwania nafasi za mwisho za mtoano hawakuzigusa. Celtics walimaliza na 51 kwa 31 wakafika fainali.

Kosa la kwanza linaloonekana hapo ni lile la kuzidisha mara mbili. Ushindi 20 katika nusu, basi 40 kwa msimu mzima. Ni hesabu rahisi na ndiyo maana inapendwa. Ila rusha shilingi mara 41: kupata kichwa mara 17 au mara 24 si ajabu hata kidogo, na shilingi haijabadilika. Kwa timu ya kikapu ni hivyohivyo. Mechi 41 zinaweza kukudanganya kwa ushindi mitatu au minne upande wowote bila mtu yeyote kucheza vizuri zaidi au vibaya zaidi. Na kwa Boston ule utabiri wa zamani, katikati ya arobaini, ulikuwa karibu na 51 kuliko hiyo 40 ya kuzidisha. Utabiri “uliokosewa” ulikuwa sahihi kuliko jedwali.

Tuseme unataka kulijua hilo Januari, si Juni. Unaangalia nini?

Mpenzi wa soka anajua tofauti ya mabao. Kikapu nacho kina tofauti ya pointi, na huku ina nguvu zaidi kwa sababu pointi ni nyingi na bahati inasambaa. Bill James, mtaalamu wa takwimu, alitengeneza kwa ajili ya besiboli kanuni ya kugeuza tofauti ya namna hii kuwa ushindi unaotarajiwa; Daryl Morey, mchambuzi wa takwimu, akaileta kwenye kikapu kwa kubadilisha kipeo chake, yaani mara ambazo namba inazidishwa kwa yenyewe, kuwa 13.91. Unachukua pointi ulizofunga, unazipandisha kwa kipeo hicho, unagawanya kwa jumla ya hizo na za kufungwa zilizopandishwa vilevile. Timu inayofunga 112 na kufungwa 108 kwa mechi inatoka na kama asilimia 62, yaani ushindi 51 kwa msimu. Kama hupendi vipeo, kumbuka tu kwamba kila pointi moja ya wastani juu ya sifuri huongeza karibu ushindi miwili na nusu juu ya 41.

Turudi Boston. Tarehe 6 Januari 2022 walikuwa Madison Square Garden dhidi ya New York Knicks. Kwetu Afrika Mashariki ilikuwa alfajiri ya tarehe 7, saa ambazo mtu hugeukia simu kwa jicho moja. Waliongoza kwa pointi 25. Evan Fournier, aliyekuwa mchezaji wao msimu uliotangulia, akaamka: pointi 41, mitupo kumi ya pointi tatu. Jayson Tatum akasawazisha 105 kwa 105 ikiwa imebaki sekunde moja na ushei. Kisha RJ Barrett akapokea mpira wa pembeni, akarusha akiwa ameegemea upande mmoja, mpira ukagonga ubao ukaingia, na king'ora kikalia. Boston wakawa 18 kwa 21.

Kwenye jedwali hicho ni kipigo kimoja, sawa na kipigo cha pointi 40. Kwenye mapitio hakiwi sawa. Fournier hafungi mitupo kumi kila wiki, wala ubao haumsaidii Barrett kila usiku. Boston walikuwa na mazoea ya kupoteza mechi za dakika za mwisho mwaka ule, na mechi za namna hiyo hazina uaminifu: timu inayozipoteza Desemba si lazima izipoteze Machi.

Angalia na upande wa pili. Mwishoni mwa Januari, katika mechi tatu mfululizo, waliifunga Washington kwa pointi 29, wakaifunga Sacramento 128 kwa 75, halafu wakafungwa na Atlanta kwa pointi 16. Ushindi miwili, kipigo kimoja, nao wakawa 25 kwa 25. Jedwali likasema timu ya nusu kwa nusu. Tofauti ya pointi ya mechi hizo tatu peke yake ni 66 upande wao. Timu ya kawaida haimfungi mtu kwa 53, hata akiwa mnyonge. Kuanzia hapo walishinda 26 na kupoteza 6. Ile kanuni ya Morey ilipopigwa mwisho wa msimu, iliwapa ushindi 59. Yaani hata hizo 51 zilikuwa chini ya walivyocheza.

Kuna kitu kingine jedwali halikisemi, nacho ni nani alikuwa uwanjani. Desemba ile korona ilikuwa imezivuruga timu hadi ligi ikaruhusu mikataba ya dharura ya siku kumi. Celtics walimsajili Joe Johnson, umri miaka 40, mchezaji waliyemchagua wao wenyewe mwaka 2001. Akaingia dakika chache za mwisho dhidi ya Cleveland, akafunga kikapu kimoja, ukumbi mzima ukasimama. Tukio tamu, siku hizi nalicheka bado. Lakini unapopima kikosi cha Boston cha Januari, unapima pia ile timu iliyokuwa inatafuta watu wa kujaza benchi. Kikosi cha kwanza cha Tatum, Jaylen Brown, Marcus Smart, Al Horford na Robert Williams kilikuwa hakijakaa pamoja vya kutosha.

Mtu atauliza: mbona hoja hiyohiyo haikuwaokoa Lakers? Wao pia walikuwa na majeruhi. LeBron alicheza mechi 56 msimu mzima, Davis 40. Swali zuri, na hapa mapitio yanahitaji akili kuliko kanuni. Majeraha ya Boston yalikuwa ya kupita, kwa vijana. Lakers walijijaza wakongwe: Carmelo Anthony, Dwight Howard, Trevor Ariza, na LeBron mwenyewe alitimiza miaka 37 Desemba hiyo. Mkongwe kuumia ni jambo la kutarajiwa; lilipaswa kuwa ndani ya utabiri tangu Oktoba. Zaidi ya hapo, Westbrook na LeBron wote wawili wanataka mpira mkononi, na hilo lilijulikana kabla ya mechi ya kwanza. Kwa hiyo utabiri wa Lakers ulikosewa kwenye msingi. Mechi 41 zilikuwa zinalionyesha kosa, wala hazikuwa zinalificha.

Nets ni aina ya tatu, na ndiyo inayowatesa watabiri waadilifu. Tarehe 15 Januari walikuwa na 27 kwa 15, wako nafasi za juu, mameneja wanajipongeza. Usiku huohuo Durant akaumia goti. Irving alikuwa hajachanjwa dhidi ya korona na sheria za New York, nyumbani kwa Nets, hazikumruhusu kucheza mechi za nyumbani. Wakapoteza 11 mfululizo. Tarehe 10 Februari Harden akauzwa Philadelphia. Wakamaliza 44 kwa 38. Je, waliowapigia kura Oktoba walikosea? Kuhusu goti la Durant, hapana, hakuna aliyeliona. Kuhusu Irving, suala la chanjo lilikuwa tayari linasumbua tangu mazoezi ya kabla ya msimu, na mtu aliyepiga kura akilipuuza hawezi kusingizia ajali. Mtu anayefanya mapitio kwa haki huyatenganisha mambo hayo mawili: lililovunjwa na tukio, na lililokuwa na ufa tangu mwanzo.

Nisisahau neno lenyewe, “nusu”. Wapo wanaoliweka kwenye mapumziko ya mechi ya nyota wote, Februari. Kwa kalenda ya hisia ni sawa, lakini timu huwa zimeshapita mechi 50 na dirisha la kuuziana wachezaji limeshafungwa. Boston kwa mfano walikuwa tayari wamemchukua Derrick White kutoka San Antonio. Ukipitia utabiri wakati huo unapitia timu nyingine. Januari ni bora, ingawa ina kelele zaidi.

Msimu ule ulijipangia mapitio yake wenyewe. Aprili 17, mechi ya kwanza ya mtoano, Boston nyumbani dhidi ya Brooklyn: chaguo la mameneja la Oktoba mbele ya timu ya 20 kwa 21. Brooklyn wanaongoza kwa pointi moja, sekunde zinakatika. Smart anadanganya kurusha, walinzi wawili wanaruka, anampa Tatum chini ya kikapu. Tatum anajizungusha, anauweka mpira ubaoni, king'ora. Mia moja na kumi na tano kwa mia moja na kumi na nne. Mfululizo ukaisha 4 kwa 0.