Kuropoka si kusema uongo
Wengi hulitumia neno "kuropoka" kana kwamba maana yake ni kusema uongo. Sivyo. Kuropoka ni kutamka jambo bila kulifikiria kwanza, na jambo lenyewe laweza kuwa kweli tupu. Shangazi akitaja mahari mbele ya wageni kabla wazee hawajakubaliana, ameropoka, hata kama kiasi alichokitaja ni sahihi. Mwongo huyapanga maneno yake. Mropokaji, maneno humtoka tu. Wala kelele si sharti: anayepaza sauti ovyo anapayuka, na mwenye maneno mengi yasiyo na maana anabwabwaja. Kwa hiyo kumwambia mtu "unaropoka" hakujibu hoja yake. Bado tunapaswa kuuliza kama alilolisema lilitokea.